Mbao za boti chakavu Igombe: mdogo wangu alivyotoka kwenye kuandika majina ya mitumbwi mpaka kuuza sanaa

Watu wananiuliza sana kuhusu mdogo wangu, hasa toka zile mbao zake zianze kuonekana ukutani kwenye hoteli moja huko Capri Point, hapa Mwanza, na swali ni lilelile, kaanzaje na mtaji katoa wapi. Nimekuwa nikijibu vipande vipande mpaka naona simtendei haki, kwa hiyo leo naandika kisa chote, na yaliyoharibika nayaandika pia maana mengine niliyaharibu mimi. Ye mwenyewe kaniruhusu kwa sharti moja, nisitaje jina lake wala majina ya wenye boti.

Ni mtoto wa mama mdogo. Mimi nina duka dogo la stationari Kirumba, ye yuko Igombe, ule mwalo, yaani ufukwe wa kushushia samaki, wa kule mbele ukishapita uwanja wa ndege, na toka amalize fomu foo kazi yake ni kuandika majina kwenye mitumbwi. Kama umewahi kusimama mwaloni unajua ninachosema, unasoma majina mpaka unasahau ulichofuata: MUNGU HACHOKI, ACHA WASEME, DENI LA MAMA. Boti haiingii majini hivihivi bila jina, na namba ya usajili nayo inatakiwa ionekane ubavuni, kwa hiyo fundi rangi hawezi kufa njaa kabisa. Ila kazi inafuata mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai saivi taa za sola, wanaufuata mwanga, sasa mbalamwezi ikiwaka taa zinakuwa hazina nguvu na boti nyingi za dagaa zinapumzika nchi kavu. Hapo ndo mafundi wanapata riziki, huyu anaziba, huyu anabadilisha ubao, huyu anaandika. Giza likirudi boti zote zinaondoka, na fundi rangi anabaki anaangalia maji kwa siku kumi na kitu. Hizo siku za giza ndo zilizozaa biashara yote.

Kabla sijafika kwenye hela ngoja niseme kuhusu mkono wake, maana watu wanarukia kwenye kuuza wanausahau mkono. Mzee aliyemfundisha hakumgusisha rangi kwa karibu mwaka mzima. Alimpa brashi bapa, akamwambia maji ya ziwa hayauzwi na mawe yapo, andika. Sisi wa Mwanza tumezaliwa katikati ya mawe, mlango ukifunguliwa unakutana na jabali, lakini sikuwahi kuwaza kuwa jabali linaweza kuwa daftari. Anachovya brashi ziwani, anaandika S kwenye jiwe lililopigwa jua, herufi inakaa kama dakika moja hivi, inakauka, inapotea, anaandika nyingine. S mia, G mia, kisha majina mazima. Na mpaka leo anafanya hivyo, nusu saa kila asubuhi kabla hajanywa chai, hata kama ana oda zimemzidi, nimewahi kumfuata saa moja kasoro nina haraka zangu na alinisubirisha mpaka amalize.

Kwa nini S na G? Kwa sababu zina matumbo, na ubavu wa mtumbwi umepinda. Herufi ulizozipanga vizuri kwenye karatasi ukizipeleka pale zinalala, zinabanana kuelekea mbele ya boti, kwa hiyo inabidi mkono ujue kuongeza nafasi kabla jicho halijaona kasoro. Afu jina la boti linasomwa kutoka mbali, mtu yuko majini jioni anataka ajue ile inayokuja ni ya nani, herufi nyembamba zenye madoido hazimsaidii kitu. Kwa hiyo herufi zake ni nene, zimepishana sana, zina kivuli upande mmoja tu. Watu wa Dar wanamuuliza anatumia fonti gani. Ni hiyo miaka ya kuwaandikia watu walioko majini.

Sasa mwanzo wenyewe. Siku moja ya giza hana kazi, kuna boti ya zamani ya mvule ilikuwa inavunjwa. Boti ikifika hapo mbao zake zinaenda kuwa kuni za kubanikia samaki. Akaona ubao wa ubavuni una herufi BIRA, kipande cha SUBIRA, na akaujua mwandiko, ni wa yule mzee wake ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki. Akaomba akapewa bure. Akausafisha matope, akaacha matobo ya misumari na kutu yake, akaacha hata pamba iliyokuwa imeshindiliwa kwenye maungio kuzuia maji, akazirudishia herufi rangi polepole kwa kufuata mkono wa mwalimu wake, akaniletea dukani kama zawadi.

Nikautundika juu ya mashine ya fotokopi. Ndani ya mwezi mmoja watu wanne wakauliza bei, nikawa nasema hauuzwi. Wa tano alikuwa mama mmoja mteja wangu wa bahasha, nikamwambia 25,000 nikijua atakataa, akatoa pale pale. Mpaka leo naujutia ubao ule, ulikuwa zawadi na ulikuwa na mkono wa marehemu. Ila ndo siku tuliyojua kuna kitu.

Tukaingia kichwakichwa. Akatengeneza mbao kumi, mimi nikapiga picha dukani, nikaposti kwenye status na Instagram: "Ubao wa mapambo, kazi ya mkono, 25,000, njoo inboksi." Miezi minne tukauza tatu, mbili kati ya hizo wameninunulia ndugu. Nikakaa chini na daftari la duka nikapiga hesabu ambayo tungepaswa kuipiga siku ya kwanza. Ubao wenyewe 3,000 maana wenye boti walishaanza kuuza, rangi 5,500, msasa 1,000, vanishi 3,000, kamba na ndoano za kutundikia 1,500, kufungashia 2,000, nauli na kutuma 3,000. Jumla 19,000. Inabaki 6,000 kwa kazi ya siku mbili, wakati mbalamwezi akiandika jina la boti moja analipwa 15,000 na rangi anatoa tajiri, yaani mwenye boti, asubuhi moja tu. Yaani kila ubao tuliouza ulikuwa unamrudisha nyuma. Watu wengi wa sanaa ninaowajua mimi wako hapohapo, hawajui kama wanakula hasara kwa sababu hawajawahi kujiandikia siku zao kama gharama.

Kupandisha bei bila sababu tulijaribu wiki mbili, kimya. Hapo ndo nikaona kuwa posti chache zilizokuwa na maneno zilijibiwa zaidi kuliko zenye bei tu, na hapo ndo nilipokosea. Nikamwambia akoleze. Kulikuwa na ubao mmoja mzuri sana wenye rangi ya bluu iliyopauka, tuliutoa kwenye lundo la kuni, hatujui boti wala mwenyewe. Nikaandika kapsheni kwa mkono wangu, kwamba boti hii ilipigwa dhoruba upande wa Ukerewe, wavuvi waling'ang'ania ubao huu mpaka alfajiri wakaokolewa. Iliuzwa siku hiyohiyo, 60,000, kwa mama mmoja wa Dar.

Baada ya wiki akapiga simu. Ye ni mzaliwa wa Ukerewe, baba yake alikuwa mvuvi, na baba yake mdogo alipotelea ziwani, hakuonekana mpaka leo. Hakuwa na hasira, alikuwa ana matumaini. Alitaka kujua dhoruba ile ilikuwa mwaka gani, mwalo upi, kina nani walikuwemo, labda kuna mtu anayejua kitu. Sikuwa na jibu lolote la kumpa. Nikamwambia ukweli kuwa ile habari niliitunga. Alinyamaza kwa muda mrefu sana kwenye simu kisha akakata. Tulimrudishia hela yake yote na ubao tukaufuata kwa gharama zetu kwa basi. Mdogo wangu hakunilaumu, lakini hakuja dukani kama wiki tatu.

Aliporudi alikuja na kaunta buku kwaya mbili. Akasema kuanzia leo ubao usio na ukurasa humu hauuzwi. Na mimi nasema kwa uhakika kabisa, biashara yake ilianzia kwenye kaunta buku hilo, yale mengine ya nyuma yalikuwa ni kuhangaika tu.

Anachofanya ni hiki. Mbalamwezi ndo muda wa kukusanya, kwa sababu boti ziko nchi kavu na matajiri na wavuvi wapo wamekaa wanashona nyavu, wana muda wa kuongea. Akisikia boti inavunjwa anaenda kwa mwenyewe, hamuulizi "nipe stori", maana ukimuuliza mzee hivyo anakupa mahubiri au anakunyamazia. Anamuuliza nani aliichonga, ilikuwa inavua nini, jina alilitoa nani na siku hiyo ilikuwaje. Anarekodi kwa simu kama ameruhusiwa. Mwisho anauliza, naomba nilipeleke jina hili mbele za watu, inaruhusiwa? Wengine wanakataa, na ubao wa namna hiyo anaacha uende kuni, nimeona akiacha mbao nzuri mno. Anayekubali anapewa 10,000 na picha ya ubao ukikamilika. Kuna mzee hakutaka hela, alitaka jina lilelile aandikiwe kwenye boti yake mpya bure, akaandikiwa.

Ile DENI LA MAMA, kwa mfano. Ukiisoma unadhani ni mambo ya kulipa fadhila za uzazi. Kumbe mama wa yule tajiri aliuza ng'ombe wawili kumpa mtaji wa kuchonga boti, na akamkopesha kabisa kwa maandishi, na mtoto alilipa dagaa kwa dagaa kwa misimu mitatu, akamaliza. Jina akaliacha hata baada ya kumaliza kwa sababu mama alilipenda. ACHA WASEME ni ya mjane aliyeamua kumiliki boti baada ya mume kufa wakati shemeji zake wanataka aiuze. Vitu hivi huwezi kuvitunga, na hata ukivitunga havitakuwa na hiyo dagaa kwa dagaa ndani yake. Afu kuna ubao wa BAHATI, mwenye boti alipoulizwa akasema jina lilichaguliwa na mpwa wake na sababu hakumbuki. Mimi nikasema huo hauna kitu, tuuache. Yeye akaandika nyuma vilevile: jina lilichaguliwa na mpwa wa tajiri, sababu haikumbukwi. Uliuzwa. Aliyenunua aliniambia ndo uliomfanya aziamini zile nyingine zote.

Maneno yanaandikwa nyuma ya ubao kwa brashi, hayachapwi. Mistari minne mitano, mwalo gani, ilikuwa inavua nini, na sentensi moja ya mwenyewe kama alivyoitamka, kama aliitamka Kisukuma inabaki Kisukuma na tafsiri chini. Mteja anautundika, wageni wake wakija anaugeuza awaonyeshe nyuma. Hiyo ya kugeuza hatukuipanga lakini ndo inayotuletea wateja kuliko posti yoyote, mtu anageuza ubao kwenye sebule ya Mbezi na kesho yake mgeni wake ananipigia simu mimi Kirumba.

Kuhusu kuposti nayo nieleze maana hapo ndo watu wengi wanapata shida. Bibi yetu alikuwa wa Bagika. Wasukuma tuna ngoma za mashindano za makundi mawili, Bagika na Bagalu, ambao hamjawahi kuona nendeni Kisesa kwenye makumbusho ya Bujora, au nendeni mwezi wa 6 wakati wa sherehe za Bulabo. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye watu wengi wamehamia upande wake. Bibi alikuwa anatuambia kila kundi lina mganga wake na dawa yake ya kuvuta watu, kwa hiyo dawa zinakatana, inayobaki ni ngoma. Na mtazamaji ana miguu, manju, yule kiongozi wa ngoma, akirudia wimbo wa jana watu wanavuka uwanja mchana kweupe. Mi naona simu ni uwanja uleule, tofauti mtu anahama kwa kidole gumba.

Kwa hiyo tuliacha kuposti ubao uliokamilika na bei. Jumatatu anaonyesha ubao ulivyotoka mwaloni na tope lake. Katikati ya wiki anausugua, tobo la msumari linatokea, anaeleza tobo lile ni la nini. Ijumaa herufi ya kwanza. Jumapili jioni ndo jina lote linaonekana na stori inasomwa. Watu wakawa wanabashiri jina kwa herufi mbili za kwanza, mpaka mabishano. Na posti iliyoangaliwa kuliko zote haina ubao ndani yake, ni ile ya kuandika kwa maji kwenye jiwe, S inaandikwa inapotea, inaandikwa inapotea. Niliwaza sana kwa nini watu wameipenda hivyo. Maoni yangu ni kwamba pale mteja anaona kwa macho yake kitu anacholipia. Ukimwambia kazi hii ni 80,000 anaweza kukuambia ni ubao tu huo. Akishaona lile jiwe hasemi tena.

Ndiyo, bei ilipanda mpaka 80,000 kwa ubao wa kawaida na 120,000 kwa ule mrefu. Toa gharama 19,000, toa ya mwenye boti 10,000, inabaki 51,000. Mwaka ule wa kwanza wa kaunta buku aliuza mbao 41, nyingi zikiwa za bei hiyo ya 80,000. Hatukuweka tangazo la kulipia hata moja. Mtaji mnaouliza ndo huo, mbao za kuni, brashi, na hela ya majina ya mbalamwezi iliyokuwa inanunua rangi ya siku za giza. Hakukopa. Kuna ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za wenye ulemavu, ni kitu kizuri, lakini inataka kikundi na wakati huo alikuwa peke yake.

Hoteli ilikuja mwaka wa pili. Mbao 12 za kutundika korido na mapokezi, 100,000 kila moja, nusu kabla. Tulikaribia kuikosa kwa kitu kidogo tu, hoteli hailipi bila risiti na mdogo wangu hakuwa na TIN wala chochote. Zikapita wiki tatu za kupanda na kushuka ngazi, TIN, jina la biashara, na usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ambalo kwa kweli ni baraza la siku nyingi, lipo kwa sheria ya 1984, ila sisi tulikuwa tunadhani ni la wanamuziki tu. Kama unafanya sanaa yoyote ya mkono na unawaza kuuzia taasisi, fanya hivi vitu leo wakati hujapata oda, usisubiri kama sisi.

Lakini kilichonifanya nimheshimu mdogo wangu kilitokea baada ya hapo. Aliyekuwa anasimamia mapambo akaomba ubao mmoja mkubwa wa mapokezi uwe na habari ya meli ya MV Bukoba. Akasema wageni watauliza, na ni habari inayogusa. Kwa wasiojua, MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba, ikiwa imeshakaribia kabisa Mwanza, na waliokufa ni mamia kwa mamia, makaburi yao mengine yapo Igoma na watu bado wanaenda. Sisi tuliokulia hapa hakuna nyumba ambayo haina mtu, kama siyo ndugu basi jirani, kama siyo jirani basi mwalimu. Mdogo wangu akakataa. Hakutoa hotuba, alisema tu kuwa hana wa kumuomba ruhusa. Wakamwambia lakini ni habari ya kweli, siyo ya kutunga. Akasema ndiyo, ni ya kweli.

Nililala nikiwaza lile jibu. Mimi baada ya yule mama wa Ukerewe nilidhani nimeshaelewa, kwamba tatizo ni uongo, ukisema kweli uko salama. Kumbe kuna habari za kweli ambazo ukweli wake haukupi haki ya kuziuza. Oda ilipungua ikawa mbao 11, tukalipwa 1,100,000, na pale mapokezi ukiingia leo unakutana na DENI LA MAMA.

Wakaja waigaji. Hili naliandika kwa sababu wasanii wengi linawavunja moyo. Ubao mpya wa dukani, unachomwa kwa moto uonekane mzee, jina la kuvutia, na stori ya dhoruba, bei 35,000. Nilikuwa nataka vita. Nikaenda kuulizia habari za hakimiliki, na nikaelewa kitu ambacho ni muhimu mkijue: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, inalinda kazi yenyewe, mchoro wake, picha zake, maneno aliyoyaandika. Wazo la kuandika jina juu ya ubao wa boti halina mwenyewe. Mtu akichukua picha yetu au maneno yetu tuna pa kushika, akichukua wazo hatuna.

Na ukifikiria ndivyo inavyokuwa mambo yakikubali. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar mwaka 1968 akitumia rangi za kawaida za kung'aa kwenye vipande vya hadibodi, rangi za jamii hiihii wanayopaka boti, na akafariki 1972. Miaka minne tu. Walioendeleza ni ndugu na wanafunzi wake, baadaye wakaunda ushirika wao, na leo jina lake limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji. Kina nani walikuwa waigaji pale na kina nani wanafunzi? Mimi nadhani tofauti ni kwamba mwanafunzi alikaa na mwalimu. Mdogo wangu alipoambiwa kuhusu mmoja wa wale vijana wa mbao za kuchomwa akamtumia ujumbe, kama unataka njoo asubuhi kwenye jiwe. Kijana hakujibu kwa miezi miwili, afu siku moja akatokea. Saivi wapo wawili wanaoandika kwa maji kila asubuhi pamoja naye, na bado hawajapewa rangi.

Shida iliyopo sasa ni mbao zenyewe. Boti za zamani za mvule zinaisha, boti za faiba zinaongezeka, na faiba ikichoka huna cha kutundika ukutani. Ubao uliokuwa 3,000 sasa mtu anataka 10,000, wengine zaidi kwa sababu wameshajua unaenda wapi, na mi siwalaumu, ni haki yao. Nilimshauri aandike majina kwenye mbao mpya kwa oda, mtu analeta jina la familia yake na habari yake, anaandikiwa. Amekubali nusu. Ameandika chache, moja ya bibi harusi wa Musoma ambaye babu yake alikuwa na boti isiyobaki hata msumari, lakini nyuma kaandika wazi kuwa ubao ni mpya na umenunuliwa dukani. Bei yake kaiweka chini, 50,000, na mimi bado nabishana naye hapo maana mkono ni uleule. Hatujamaliza.

Wiki hii niko naye Igombe. Kuna ubao umeegemezwa ukutani, RUDI SALAMA, herufi nyeupe kwenye nyekundu, mzuri kuliko zote nilizoziona. Mwenye boti alifariki mwaka jana. Mjane anasema jina lilitolewa na mtoto wao wa kiume siku aliyoanza darasa la kwanza, kwa hiyo wa kuulizwa ni yeye, na yeye yuko kisiwa cha Goziba kwenye dagaa, hatarudi mpaka mbalamwezi. Nimeshapata watu wawili wanaoutaka, mmoja kataja 150,000. Kwenye kaunta buku ukurasa wake una jina tu juu, chini pako patupu, na mwezi ndo kwanza umeandama jana.